Ukurasa Nilioandika "Hainihusu"

Kampuni yetu ilifilisika Jumatano saa nne na robo asubuhi, ikiwa na faida ya 80,000.

Haikuwa kampuni ya kweli. Lilikuwa zoezi la mwaka wa tatu katika kozi ya mkakati, ile ambayo mtaala wa shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara huiweka mwishoni ili ionekane kama uliyosoma yameshikana au yalipita tu kama maji kwenye chekeche. Kila kundi lilikuwa na watu watano na kampuni moja ndani ya programu ya kompyuta. Mwaka umegawanywa robo nne, na kila robo mnaamua: mzalishe kiasi gani, muuze bei gani, muajiri wangapi, mkope au msikope. Mnabonyeza, mashine inachakata, majibu yanatoka. Sarafu yake ilikuwa ya kubuni, kwa hiyo nitataja namba tupu.

Masoko nilishika mimi. Niliyaomba mwenyewe, tena kwa mbwembwe, kwa sababu ndiyo kozi niliyokuwa napata alama nzuri bila kutoa jasho. Robo ya tatu nikaona makundi mengine yanawapa wateja siku 30 za kulipa, nami nikawapa 90. Mauzo yakaruka kutoka 390,000 hadi 600,000. Gharama za robo zilikuwa 520,000, faida ikabaki 80,000, na hakuna kundi lililotukaribia. Nilisimama nikapiga ngumi hewani. Sijakaa vizuri, mstari mwekundu ukatokea chini ya skrini: akaunti ya benki imepitiliza kikomo, kampuni imesimamishwa.

Wa kwanza kucheka ni mwenzetu wa rasilimali watu. Alidhani mashine imekosea.

Mhadhiri wetu, mama mmoja mpole asiyependa kupandisha sauti, alivuta kiti akaketi katikati yetu. Hakutufafanulia kitu. Alichukua kalamu, akaiweka kwenye mstari wa mizania, ile orodha ya mali na madeni ya kampuni, ulioandikwa "wadaiwa 600,000", yaani wateja ambao hawajalipa, akauliza, "Hii namba ni ya nani?"

"Ya masoko, Dokta," akasema aliyeshika fedha.

"Si ya uhasibu hiyo?" nikajibu mimi.

Aliyeshika uzalishaji alisema yeye alipewa idadi ya kuzalisha akaizalisha. Wa tano alikuwa anaandika kumbukumbu, akainamisha kichwa zaidi kwenye karatasi yake. Dokta akangoja tumalize kurushiana, kisha akanigeukia.

"Taarifa ya mtiririko wa fedha ulisoma lini?"

"Mwaka wa kwanza, Dokta."

"Daftari lake liko wapi?"

Nilikuwa nimeshaligawa. Mwanzoni mwa mwaka huo nilimpa kijana mmoja wa mwaka wa kwanza tuliyekuwa tunakaa naye jengo moja, nikijiona mfadhili. Ukweli ni kwamba nilikuwa natua mzigo.

"Kaliazime," akasema, akaenda kundi jingine.

Namna nilivyofika mwaka wa tatu nikiwa hivyo inahitaji maelezo, maana sikuwa mwanafunzi mbovu. Nilikuwa nafaulu. Shahada hii inakuruhusu kufaulu vipande vipande. Mwaka wa kwanza unapewa kanuni za uhasibu, uchumi mdogo na mkuu, hisabati ya biashara, misingi ya menejimenti na stadi za mawasiliano. Wa pili unakuja uhasibu wa gharama, takwimu, masoko, sheria, tabia za watu kazini, na fedha. Wa tatu ni uendeshaji, utafiti, maadili, ujasiriamali, kozi mbili tatu za kuchagua, na mkakati wa kufungia. Kwingine husoma miaka minne, lakini mifupa ni hiyo hiyo. Kila kozi ina mwalimu wake, kitini chake na mtihani wake, na ukishatoka kwenye chumba cha mtihani unaifunga kama duka. Mimi nilikuwa bingwa wa kufunga.

Uhasibu niliuchukia wiki ya pili. Tulipewa kazi ya kuandaa urari, yaani orodha ya safu mbili, debiti na krediti, zinazopaswa kuwa na jumla moja, na safu hizo zilikataa kulingana. Debiti ilizidi krediti kwa 540. Nilikesha. Nilijumlisha upya mara sita, nikapata 540 mara sita. Asubuhi mwalimu aliangalia tofauti ile kwa sekunde chache akasema, "540 inagawanyika kwa 9. Umegeuza tarakimu mahali. Usijumlishe tena, tafuta namba uliyoigeuza." Ikawa kweli: upande wa krediti nilikuwa nimenakili 4,710 kama 4,170. Mtu mwingine angeona uzuri hapo, kwamba mfumo wenyewe unakwambia umekosea wapi. Mimi niliona nimepoteza usiku mzima kwa tarakimu mbili, nikaamua kwamba hii kazi ni ya watu wa aina fulani na mimi si wa aina hiyo.

Nilijua hata historia yake, maana iliulizwa kwenye mtihani. Mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, alichapisha Venice mwaka 1494 kitabu kikubwa cha hisabati chenye sehemu inayoeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila muamala mara mbili. Yeye hakubuni mfumo huo, aliueleza tu. Niliandika hivyo nikapata alama zote za swali. Sikujiuliza kwa nini kitu cha 1494 bado kinafundishwa wiki ya pili ya shahada.

Katikati ya mwaka wa kwanza, tulipofika kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, nilikuwa nimeshakata shauri. Mwalimu alieleza kwamba faida na fedha taslimu ni vitu viwili: mauzo huandikwa siku bidhaa inapomfikia mteja, hata kama atalipa mwezi ujao, na gharama huandikwa zinapotumika, hata kama bili haijalipwa. Kwa hiyo inabidi uanze na faida, urudishe uchakavu wa mitambo ambao hautoi fedha mfukoni, utoe ongezeko la wadaiwa, utoe ongezeko la bidhaa ghalani, uongeze ongezeko la unachodaiwa na wasambazaji, ndipo uone kilichobaki benki. Nilinakili yote. Pembeni, kwa herufi kubwa, nikaandika: HAINIHUSU.

Takwimu nayo ilinipa sapu, yaani mtihani wa marudio. Niliirudia likizo nikapita kwa kukariri, huku nikinung'unika kwamba mtu anayetaka kuuza bidhaa hahitaji mkengeuko sanifu, kile kipimo cha namna namba zinavyotawanyika mbali na wastani. Baadaye nilikuja kusoma kwamba manung'uniko yangu yana historia. Wharton, shule ya kwanza ya biashara katika chuo kikuu nchini Marekani, ilianzishwa Philadelphia mwaka 1881, na kwa miongo mingi baada yake shule za aina hiyo ziliongezeka zikifundisha kwa sehemu kubwa ufundi wa ofisini na maelezo ya sekta mojamoja. Mwaka 1959 zikatoka ripoti mbili nzito, moja kwa fedha za Ford Foundation na nyingine kwa fedha za Carnegie Corporation, zikisema masomo hayo ni mepesi mno kwa ngazi ya chuo kikuu. Ndipo hisabati, takwimu, uchumi na sayansi za tabia zilipoingizwa kwa nguvu. Mitaala mingi duniani bado ina umbo la marekebisho yale. Kwa hiyo sapu yangu ilikuwa inanisubiri tangu kabla wazazi wangu hawajaoana.

Fildi ya mwaka wa pili, yaani mafunzo kazini, ndiyo iliyonitikisa kidogo, ingawa si vya kutosha. Nilipelekwa kwenye ghala la kampuni ya usambazaji. Nilikuwa nimetoka kusoma kanuni ya kiasi bora cha kuagiza, ile ya Ford Harris ya mwaka 1913: zidisha mbili kwa mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, gawa kwa gharama ya kutunza kitu kimoja kwa mwaka, tafuta kipeuo cha pili. Nikachukua bidhaa moja. Mahitaji katoni 1,200 kwa mwaka, kila oda inagharimu 50, kutunza katoni moja ni 3. Jibu katoni 200 kamili. Namba ilitoka safi mno hadi nikaiandika kwenye karatasi mpya, nikampelekea mtunza stoo.

Aliisoma, akanirudishia. "Kijana, mwenye mali anauza kwa mafungu ya katoni 144. Mia mbili yako ataifungua nani?"

Nilirudi mezani nikiwa nimenyong'onyea, nikijisemea kwamba ya darasani hayafai kazini. Wengi huishia hapo, na huo ndio msemo unaopendwa sana na watu waliohitimu. Lakini nilikuwa na siku nzima ya kukaa bila kazi, basi nikapiga hesabu ya mtunza stoo. Kuagiza 200 kila mara: oda 6 kwa mwaka, gharama 300, kutunza wastani wa katoni 100, gharama 300, jumla 600. Kuagiza 144: oda kama 417, utunzaji 216, jumla 633 hivi. Tofauti haifiki hata asilimia 6. Mchoro wa gharama ni bapa karibu na chini yake, ukisogea kidogo kushoto au kulia huumii. Mtunza stoo alikuwa sahihi, na kanuni nayo ilikuwa sahihi, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyonionyesha kwamba sina haja ya kugombana naye. Hilo halikuwa kwenye kitini. Au pengine lilikuwapo nami nilisoma jibu tu.

Pale pale ghalani wastani ulinifunza adabu. Niliulizwa msambazaji mmoja huchukua siku ngapi kuleta mzigo. Nikachukua oda tano za mwisho: siku 3, 3, 4, 5 na 20. Wastani siku 7. Nikajibu "saba" kwa kujiamini. Mtunza stoo akaniuliza ni lini mzigo umewahi kuja siku ya saba. Hakuna. Kwa kawaida huja baada ya siku 4, na mara moja moja hupotea karibu wiki tatu na rafu zikabaki wazi. Mkengeuko sanifu niliokuwa naudharau ulikuwa umelala katika ile 20.

Ungedhani nilirudi chuoni nimebadilika. Nilirudi na ripoti nzuri ya fildi, nikapata A, nikaifunga.

Kozi nyingine sitazisemea sana. Sheria niliipenda kwa sababu ya kesi, hasa ile ya Uingereza iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwishoni mwa 1892, ambapo kampuni ya dawa ilitangaza gazetini kumlipa pauni 100 yeyote atakayepata mafua makali baada ya kutumia kifaa chake kama ilivyoelekezwa. Mama mmoja akakitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo tu. Majaji wakasema ni ahadi, lipeni. Tangu hapo sijaandika neno "yeyote" kwenye tangazo bila kusita. Tabia za watu kazini tuliikalia kimzaha. Kila mtu alichora piramidi ya Maslow ya mahitaji ya binadamu, na hakuna aliyetuambia kwamba makala yake ya 1943 haina piramidi yoyote, ilichorwa na wengine baadaye. Fedha ilikuwa ngumu, lakini wazo lake la msingi nililielewa: 1,000 utakayolipwa miaka mitatu ijayo, kwa riba ya asilimia 10, leo ina thamani ya 751 tu. Nilielewa kwa maana ya kwamba niliweza kulikokotoa.

Na masoko, kipenzi changu? Mwaka 1960 Jerome McCarthy aliyapanga katika mambo manne: bidhaa, bei, mahali, na utangazaji. Nilikuwa nayasoma hayo kama sala. Usiku ule wa Jumatano nilifungua kitini cha masoko kabla ya kitu kingine, nikitafuta pa kujitetea, na chini ya "bei" nikakuta yameorodheshwa punguzo, posho za wauzaji, na mstari mmoja ambao nilishaupigia mstari kwa kalamu ya rangi mwaka uliotangulia: muda wa malipo.

Ulikuwa pale. Kwenye kozi yangu mwenyewe, kwa rangi ya njano. Kumpa mteja siku 90 ni kupunguza bei, kwa sababu hela ya miezi mitatu ijayo si sawa na ya leo, na hiyo ndiyo hesabu ya 751. Ni kukopesha pia, yaani kazi ya benki, nasi hatukuwa benki. Nilichokiita ubunifu wa masoko kilikuwa uamuzi wa fedha nilioufanya peke yangu bila kumuuliza aliyeshika fedha, naye hakuuliza kwa kuwa mauzo hayakuwa sehemu yake. Mstari wa wadaiwa aliousontea Dokta kwa kalamu ulikuwa wa sisi sote watano, na ndiyo maana hakuna aliyeutambua.

Niliandika upya ile robo ya tatu kwa mkono. Tulianza na 150,000 benki. Wadaiwa wa robo ya pili, wa siku 30, walimalizia kulipa 130,000. Wateja wangu wa siku 90 walilipa sifuri, maana robo yenyewe ni siku 90. Mishahara, malighafi, pango na matangazo vilitoa 410,000. Zile 110,000 nyingine za gharama zilikuwa uchakavu na bili ambazo hazijaiva, hazikugusa benki. Kwa hiyo 280,000 kutoa 410,000: chini ya sifuri kwa 130,000, namba ambayo wahasibu huiweka ndani ya mabano, na benki ya kwenye programu ilituruhusu kuzama hadi 100,000. Tulizidisha 30,000. Kama ningetoa siku 60, theluthi moja ya mauzo, yaani 200,000, ingeingia ndani ya robo ile ile, hata kama baadhi ya wateja wangetukimbia. Tungekuwa hai, na ziada kidogo.

Hesabu hiyo ilinichukua dakika kumi. Hakuna ndani yake kitu kisichofundishwa mwaka wa kwanza.

Kuna ambayo mtaala hauyafundishi kabisa, na sitaki kuonekana nausafisha. Miaka mitatu hakuna aliyenionyesha namna ya kumpigia simu mteja anayedaiwa ukamkumbusha bila kumpoteza. Hakuna aliyenifundisha kusoma uso wa mtunza stoo. Kazi za kundi tulipewa nyingi, lakini namna ya kumwambia mwenzako kwamba sehemu yake ni mbovu tulijifunza kwa kununiana. Na mpangilio wenyewe una dosari: kozi inayounganisha zote inakuja miezi michache kabla ya kuvaa joho, wakati wengi tumeshasahau au tumeshagawa madaftari. Ningekuwa na sauti, ningeleta lile zoezi la kompyuta muhula wa kwanza, watu wafilisike wakiwa bado hawajui chochote, kisha ndipo waanze kufundishwa. Debiti na krediti zingesikilizwa vingine.

Alhamisi jioni nilimwendea yule kijana wa mwaka wa kwanza. Alikuwa anajisomea, akadhani nimekuja kumdai kitu.

"Shikamoo kaka. Lile daftari? Nalitumia bado."

"Marahaba. La siku tatu tu, nitakurudishia."

Akalitoa chini ya mto. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mtiririko wa fedha, nikiwa nimesimama mlangoni kwake. HAINIHUSU yangu ilikuwa pale pale, imekoza. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko mdogo usio wangu, paliandikwa: "Hata mimi. Nitachukua masoko."

Nilimtazama, akaangalia pembeni akicheka kwa aibu. Sikufuta neno. Jumapili nilipomrudishia, sehemu iliyobaki wazi pembeni mwa ukurasa ule ilikuwa na robo yetu ya tatu nzima, mstari kwa mstari, 80,000 juu kwa wino wa bluu, na chini kabisa, kwa wino mwekundu ulioazimwa, 130,000 ndani ya mabano.